Askari Aliyeutazama Ukuta

Siku tuliyomzika mkwe wangu, mwalimu Bariki alisimama kwenye udongo mbichi, akatoa karatasi mfukoni, akasoma kwamba marehemu alikuwa shujaa, na kwamba katika ujana wake aliilinda ngome ya Wajerumani kule kilimani bila kutetereka. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mbali na kaburi, nikaguna. Nikaguna mara ya pili ili asikie vizuri. Bariki anazaliwa, kuta za ngome ile zimekwisha kuota kuvu. Habari za kutetereka na kutotetereka amezitoa wapi?

Kwa hiyo nimeketi niandike mwenyewe. Herufi nilijifunza ukubwani, barazani pa kanisa, na hizo nilizopata zinanitosha. Maisha ya mkwe wangu nayajua kuliko karatasi ya Bariki, ingawa miaka yote ile tulitazamana uso kwa uso mara moja tu.

Jina lake siliandiki. Kwetu Waarusha mama mkwe hamtaji mume wa binti yake kwa jina, wala yeye hanitaji mimi. Mkishapeana ng'ombe mnaitana Pakiteng', yaani mwenzangu wa ng'ombe, basi. Mkwe akiniona njiani anapinda anaingia migombani, nami nageukia upande wa pili. Hatukai chumba kimoja. Hali chakula mahali nilipo. Kugusana hata kwa ncha ya kidole ni laana inayofuata mpaka wajukuu. Si chuki, ni heshima. Wazungu wanacheka, na watu waliotoka pwani na bidhaa zao wanacheka. Wacheke. Na wao tumeona mambo yao.

Alizaliwa juu ya Kimandolu, mtoto wa mtu ambaye hakuwa na mali yoyote ila sauti. Sauti hiyo mwanawe aliirithi. Aliimba vizuri, hilo simnyimi. Alikuwa mzuri wa sura pia, na tatizo ni kwamba alijua. Siku moja ng'ombe wa baba yake walivuka mto Themi wote, wakaingia shamba la watu wakala mahindi mpaka wakachoka, na yeye wakamkuta ameinama juu ya maji anajitengeneza nywele. Huyo ndiye aliyekuja kumtaka binti yangu Simaloi. Mume wangu Koikai alimkubali kwa sababu alimchekesha. Mimi sikusema kitu. Niliwahesabia tu siku alizochelewa kuchunga, wakanyamaza, halafu wakamwoza.

Ndipo wakaja Wajerumani. Walichukua ng'ombe kwanza, kisha wakachukua migongo yetu. Walitaka kujenga ngome, wakachagua mahali wanapopaita kilima. Sisi tuliozaliwa tukiutazama Mlima Meru kila asubuhi tunapaita kichuguu. Wanaume walibeba mawe kutoka mtoni, wanawake tukabeba maji ya kukorogea chokaa. Mzungu aliyesimamia alitundika kengele juu ya mti, akaigonga kutuita, akaigonga kutufukuza, akaigonga akikasirika, akaigonga akifurahi. Tulimwita Bwana Kengele. Alitembea mbele ya ule ukuta uliofika magotini, amenyoosha shingo, kama mtu aliyeiweka mbingu mahali pake.

Mkwe wangu alibeba mawe siku mbili. Ya tatu alirudi nyumbani amevaa kofia nyekundu na nguo za kaki. Walikuwa wanataka kijana anayejua lugha yetu akae mlangoni, na yeye bega lilikuwa linamuuma, maskini. Wakampa bunduki. Nilisikia baadaye kwamba miezi ya kwanza haikuwa na risasi ndani. Sishangai, hata mimi nisingempa.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Asubuhi moja Koikai hakwenda kubeba mawe. Ng'ombe wake mmoja wa mwisho alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya tumboni, na Koikai alishinda zizini mkono umezama mpaka kwapani. Ndama alitoka mzima. Jioni hiyo hiyo walikuja wakamchukua Koikai bado ana damu mkononi, wakamtia mnyororo wa shingo pamoja na wengine saba. Wenye mnyororo walibeba mawe wamefungwa hivyo hivyo. Mmoja akikohoa wote wanatikisika.

Na Koikai akaanza kukohoa. Zilipopita wiki sita alikuwa anatoa makohozi mekundu. Wawili kutoka Akheri walikuwa wamekwisha kufia kwenye mnyororo ule ule, wakafukiwa nyuma ya ngome bila mtu wao kuwaona, na wengine wakatiwa mahali pao. Nilijua wa tatu atakuwa nani.

Wazee walikwenda kwanza. Kisioki aliwaongoza, wamevaa ngozi zao nzuri, wamebeba asali ya kumwomba Mzungu. Walirudi kabla jua halijapanda.

"Amesemaje?" nikamuuliza Kisioki.

"Amesema Koikai atatoka ukuta utakapokwisha."

"Na asali?"

Kisioki akatazama kando. "Ameila."

"Mbele yenu?"

"Kwa kidole, Namnyaki. Kwa kidole."

Ukuta wenyewe ulikuwa umefika kifuani. Nikaona wazee wamemaliza kazi yao.

Simaloi naye alikuwa amemsihi mumewe wiki nzima. Ampelekee baba maziwa tu, amwombee apumzike siku mbili. Alinijia macho mekundu. "Yeyoo," akaniita, maana ndivyo mama anavyoitwa kwetu, "nimeshindwa. Amesema pale mlangoni hana mkwe. Ana wafungwa tu."

"Rudia."

Akarudia huku anatazama miguu yake.

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, na ile kofia ameivaa."

"Vizuri," nikamwambia. "Kama hana mkwe, basi hatasumbuka akiniona. Kesho utanibebea kibuyu."

Simaloi alishika mdomo. Alinielewa mara moja. Wanawake wenzangu walipopata habari walikuja kunizuia. Walisema mama mkwe ndiye wa kwanza kukwepa, kwamba nikienda kujiweka mbele ya yule kijana nitakuwa mimi niliyevunja adabu, na watu watalisema mpaka nife. Ni kweli walisema. Bado wanasema. Nikajifunga ngozi yangu, nikapanda kichuguu.

Ile ndiyo ziara yangu kwenye ngome maarufu. Niliona mlango wa mbao mbili nene, pembeni mwake mawe yamekwisha kupita kichwa cha mtu, ukuta wa mawe ambayo nusu yake nilijua yametoka kwenye mto upi na mgongoni mwa nani, na kengele juu ya mti. Ndani niliona ua mtupu wenye vumbi, na mstari wa watu wanane waliofungwa shingo. Koikai alikuwa wa nne. Aliniona akainua kidole kimoja tu, kwa sababu akigeuza shingo mnyororo ungewavuta wenzake.

Mlangoni walisimama askari wawili. Mmoja alikuwa mtu mrefu wa Tabora, mweusi, mcheshi. Wa pili alikuwa mkwe wangu. Alipoona ni mimi ninayepanda, alitafuta pa kwenda. Kulia ukuta, kushoto ukuta, na zamu huwezi kuiacha. Akageuka akauelekea ukuta, pua ikakaribia kugusa chokaa. Nikaja nikakaa chini katikati ya njia, hatua kumi kutoka mgongoni pake.

Mtu wa Tabora akanisalimu vizuri. "Shikamoo, mama. Una shida gani?" Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kununulia shanga, lakini kilitosha.

"Marahaba. Nimekuja kuongea na mlango."

"Na mlango?"

"Kati ya hivi vitu viwili vilivyosimama hapa, ndicho chenye akili."

Akacheka mpaka bunduki ikamtikisika. Kwetu, mkwe na mama mkwe wakiwa na neno la lazima hulipitisha kwa kitu kingine, mtoto au mbuzi au mti. Basi nikauambia mlango kwa lugha yetu, polepole, ili mwenye masikio asikie: "Mlango, ulipokuwa mti ulikuwa na heshima. Mwambie anayekulinda kwamba yule wa nne alimpa binti yake, na ng'ombe wa mahari alimrudishia wawili kwa sababu walikuwa wamekonda, akamwambia wanenepeshe utumie mwenyewe. Mwambie namtaka mzee wangu akiwa hai. Siondoki."

Mgongo wa kaki ukazidi kuusogelea ukuta.

Adhuhuri Simaloi alimletea mumewe loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, chakula alichokipenda kuliko watu. Bakuli likakaa chini. Hakuweza kula, mimi nipo. Aliuegemea ukuta akameza mate, nikaona koo linapanda na kushuka. Mwishoni mtu wa Tabora akauliza, "Ndugu, huli?" Akaketi akala lote, akamshukuru Simaloi kwa upishi.

Alasiri Bwana Kengele akatoka. Askari ni lazima wageuke, wasimame wima, waonyeshe bunduki. Mtu wa Tabora akafanya. Mkwe wangu naye akageuka, akasimama wima, akaonyesha bunduki, macho ameyafumba kama mtoto anayepakwa dawa. Bwana Kengele akamzunguka mara mbili. Akaniangalia mimi. Akaliangalia bakuli. Akaenda zake. Mtu aliyejua kujenga ukuta mzima hakujua nini kinatokea mbele ya mlango wake.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na loshoro ikaliwa na Tabora. Siku ya tatu mkwe wangu alikuwa amekonda shingo. Nyumbani alikuwa anakula, lakini Simaloi aliniambia kinapita kidogo tu, na kwamba usingizini anageukia ukutani. Sikumhurumia. Kule ndani Koikai alikuwa haweki tena jiwe begani, wanamwekea, na linaanguka.

Mchana wa siku ya tatu Bwana Kengele alichoka kuona askari wake anaupa ukuta heshima kuliko yeye. Alikuja na kiboko mkononi. "Wewe!" akamwambia mkwe wangu. "Toa bibi!"

Mkwe wangu hakusogea.

"Shika bibi! Tupa chini kule!"

"Bwana," akasema, bado ameelekea ukutani, "siwezi kumgusa."

"Wewe toa!" akamwambia mtu wa Tabora.

Na mtu wa Tabora, Mungu amkumbuke popote alipo, akapiga mguu chini, akasema, "Bwana, hata kwetu mama mkwe wa mtu hashikwi. Nikimshika huyu, kesho nitawezaje kurudi kwa wangu?"

Basi tazama. Ngome yenye kuta nene, yenye bunduki, yenye mfalme wake ng'ambo ya bahari, imeshindwa kumsogeza mwanamke mmoja aliyekaa chini na kibuyu. Nilitamani Kisioki angekuwepo, na asali yake.

Lakini hasira humfunza mtu hata asichokijua. Bwana Kengele akawa mwekundu, akapiga kelele: "Hamsa ishirini! Hapa! Mbele ya bibi!"

Yaani viboko ishirini na vitano, na hivyo hupigwa mtu akiwa amevuliwa suruali. Mkwe kuvuliwa nguo mbele ya mama mkwe wake, hilo hakuna mwana-kondoo wala asali ya kulisafisha. Lingekaa juu yangu, juu ya Simaloi, juu ya mtoto aliyekuwa tumboni mwake. Mzungu alikuwa ameokota, bila kujua, fimbo ya pekee iliyoweza kuniondoa. Nikakusanya ngozi yangu. Nikainua goti moja.

Ndani Koikai akakohoa, na watu saba wakatikisika pamoja naye.

Goti likabaki hapo hapo, limeinuka nusu. Nikijua ni dhambi, nikajifunika kichwa chote kwa ngozi, nikauambia mlango kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda: "Mwambie siondoki. Wamvue tu. Siondoki."

Halafu nikasikia kitu kinaanguka chini, laini, si bunduki. Nikafunua jicho. Ilikuwa ile kofia nyekundu. Na mkwe wangu alikuwa ameuacha ukuta, amegeuka, ananitazama. Macho wazi, usoni pangu, mchana kweupe. Ndiyo mara moja ninayosema. Hakuwa analia, kama Simaloi anavyopenda kusimulia. Alikuwa na hasira, na midomo imekauka, na kwa mara ya kwanza hakuonekana anajua kwamba ni mzuri.

Akageuka kwa mtu wa Tabora. "Mwambie Bwana, yule wa nne ni mgonjwa, habebi tena. Mimi nina mabega. Amtoe yule, anitie mimi pale pale. Viboko anipige ndani, huyu akishaondoka. Anipige hata mara mbili."

Mtu wa Tabora akayapeleka maneno. Bwana Kengele akatazama ndani ya ua, akamtazama Koikai, akatazama mabega ya mkwe wangu. Nikamwona anapiga hesabu, kama watu tunavyotazama meno ya punda mnadani. Mzee mkohozi kwa kijana wa nguvu. Hakuelewa kilichofanyika, lakini biashara aliielewa. Akakubali, na akajiona mjanja.

Wakafungua pete ya nne, wakamtoa Koikai. Walipokutana mlangoni, mmoja anatoka, mwingine anaingia, Koikai alimwinamisha kichwa yule kijana, akamtemea mate ya baraka juu ya nywele zile zile alizokuwa anazitengeneza mtoni. Mate yenyewe yalikuwa na damu. Kijana hakuyafuta. Akaingia, akaweka shingo mahali pake.

Mimi nikasema, kwa mlango, ili nisimwambie mtu: "Afadhali. Alibakisha mawe ya siku nyingi." Simaloi hakunisamehe neno hilo kwa mwaka mzima.

Tulipofika chini kwenye kona tukasikia kiboko. Koikai akataka kusimama. "Tembea," nikamwambia. Tukatembea. Nilivisikia vyote, na sikugeuka nyuma. Macho yaliyokwisha kutazamana mara moja hayahitaji kutazamana tena siku hiyo hiyo.

Koikai aliishi mvua nne baada ya hapo. Alikufa nyumbani, juu ya ngozi yake, mkono wake umeshikwa na binti yake, na yule ndama aliyemponza alikuwa ng'ombe mzima, analia zizini. Nani wa Akheri alipata hayo?

Mkwe wangu alibeba mawe mpaka ukuta ukaisha. Alirudi na alama shingoni kama ya ng'ombe wa kukokota. Kofia ile mtu wa Tabora alimletea Simaloi, na Simaloi akaiweka pembeni ya jiko, kuku akaatamia mayai humo. Vifaranga tisa. Kazi nzuri kuliko zote ambazo kofia ile ilipata kufanya. Mwenyewe akawa mkulima wa kawaida, mvivu kidogo, mistari ya kahawa yake imepinda, migomba imesongamana. Aliimba kanisani. Habari za mlangoni hakuzitaja hata siku moja, na alipotajiwa aliondoka.

Tulirudi kwenye adabu yetu. Akiniona anapinda, nikimwona nageuka. Lakini kila ng'ombe wake alipozaa aliacha kibuyu cha maziwa kwenye njia panda, chini ya mti wa mringaringa, akaenda zake. Nilikichukua akishaondoka. Hakujua kufukiza kibuyu, maziwa yalinuka moshi wa hovyo, na niliwaambia watu wote hivyo. Nikayanywa. Nikakiosha kibuyu, nikakirudisha pale pale, na kikombe cha asali kando. Miaka karibu thelathini.

Wiki iliyofuata maziko nilimwambia Simaloi anipeleke ngomeni. Mjerumani ameshaondoka, ameacha kuta, na sasa wamo wengine wenye meza na makaratasi. Karani mmoja kijana alitoka akaniuliza, "Bibi, unamtafuta nani?"

"Nimekuja kutazama ukuta."

Akafurahi. Akaanza kunieleza jinsi ulivyo mnene, jinsi hakuna adui aliyewahi kuupita mlango huu. Nikamwacha amalize. Nikamwuliza maji ya kukorogea chokaa yake yalibebwa na nani. Hakujua. Nikasogea kulia kwa mlango, kwenye jiwe moja jeusi lililo usawa wa uso wa mtu, ambapo mkwe wangu aliegemeza paji la uso siku tatu. Nikaligusa. Ni jiwe tu.

"Alifanya kwa upendo, Yeyoo," Simaloi akasema. Analisema hilo tangu siku ile.

"Alifanya kwa aibu."

"Kwani ni vitu viwili?"

Nikamwambia twende, karani alikuwa anasikiliza.

Kwa hiyo Bariki aichukue karatasi yake aandike upya. Mkwe wangu hakuilinda ngome. Aliutazama ukuta wake siku tatu kwa njaa, na alipoingia ndani yake aliingia kwa shingo, badala ya mzee. Kama hilo si la kusoma kaburini, asisome kitu.

Kibuyu chake cha mwisho ninacho mimi. Alikiacha njia panda juma alilofariki, maziwa ya ng'ombe mwekundu, moshi wa hovyo kama kawaida. Nimekiosha, nimekifukiza mwenyewe kwa mkaa wa mzeituni, vizuri, kama inavyotakiwa. Simaloi anasema nimrudishie yeye, ndiye mjane. Nimemwambia hapana. Nitakipeleka njia panda mwenyewe, siku nitakayoona inafaa.